Nyumba ya Ukuta Nusu

Nilimwaga rangi. Nianze hapo, kwa sababu ndipo watu wa Rumonge, mji wetu kando ya ziwa, wanapoanzia wanaponisema. Ndoo nzima ya rangi nyekundu, niliiinua kwa mikono miwili huku mtoto akiwa mgongoni, nikaimwaga juu ya viatu vya mpimaji na juu ya kamba yake ya kupimia. Nyingine iliruka ikafika kwenye suruali ya mjomba wangu. Mtoto alicheka. Ndiye pekee aliyecheka.

Nilikuwa nimetoka Kabezi asubuhi hiyo, ninakokaa na mume wangu, kwa sababu jirani yetu wa zamani alinipigia simu: "Njoo, iko watu wanapima nyumba ya bibi yako." Nilipofika nikakuta msalaba mwekundu umechorwa ukutani, kando ya mlango, rangi bado inachuruzika. Nikawasalimu wote, amahoro, amahoro, kwa adabu zangu zote. Nikauliza kuna nini. Mpimaji, baba mmoja mnene mwenye kalamu sikioni, akajibu bila kuniangalia.

"Tunapima kiwanja."

"Na nyumba?"

"Nyumba gani, mama? Hii ni udongo. Kwa karatasi hakuna nyumba hapa. Iko kiwanja kitupu."

Nikamgeukia mjomba. Ni kaka wa mama yangu, mtoto wa mwisho wa bibi, mtu aliyenibeba mabegani kunipeleka ziwani nilipokuwa mdogo. Nikamwambia, "Mjomba, sehemu ya bibi alinipa mimi. Wewe ulikuwepo."

"Alikupa kikapu," akasema. "Kikapu! Weye mutoto wa kike, tena mutoto wa binti yake. Bwana yako hana nyumba huko Kabezi? Rudi ukanyonyeshe."

Ndoo ilikuwa karibu na mguu wangu. Mengine umeshayasikia.

Sasa wewe unayesoma, kaa vizuri nikwambie kile walichokiita kiwanja kitupu.

Jirani alinivuta kwa mkono hadi barazani kwake, akanipa maji, akanikemea kwa kuharibu rangi ya watu, kisha akaanza kucheka mpaka akalia. Ni mama wa Kiislamu, mzee sasa, amekaanga mandazi mtaani kwetu tangu kabla sijazaliwa. Na nyumba ile ilijengwa na babu yake. Hilo nililijua tangu utotoni kama unavyojua rangi ya ukuta, bila kuliuliza. Siku ile nilimuuliza kila kitu, na kila alichosema nilikiandika nyuma ya kadi ya chanjo ya mtoto.

Babu yake alizaliwa na watu waliotoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, enzi za Wabelgiji. Alinunua ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa wavuvi, akazianika mchangani, akazipeleka milimani kwa watu ambao hawajawahi kuliona ziwa. Alipopata nguvu akafyatua matofali ya udongo, yale tunayoita rukarakara, akajenga vyumba vinne vyenye sebule katikati na baraza inayotazama maji. Mlango ulikuja kwa mtumbwi kutoka ng'ambo, mbao nzito nyeusi, wanaume wanne wakaushusha. Jirani anasema watu walikuwa wanakuja kuugonga tu, wasikie unavyolia, halafu wanaondoka. Enzi hizo ukiuliza nyumba ile ina thamani gani, watu walikuonyesha mlango.

Mzee akazeeka, akataka kumalizia siku zake kwa dada yake Kigoma. Akamwachia nyumba mwalimu wa shule ya msingi. Mwalimu alitoa baiskeli mpya na cherehani ya kukanyaga, na juu ya hivyo akakubali kuwafundisha wajukuu wa mzee kila alasiri, hata wa kike, mpaka kila mmoja aweze kuandika barua itakayomfikia babu yao Kigoma akaielewa. Jirani alikuwa mmoja wao. Ya kwake ilifika.

"Mimi nilisoma kwa sababu ya nyumba ile," aliniambia. "Halafu wanasema ni udongo."

Kisha ukaja ule mwaka wa mauaji, ambao kwetu watu wakiutaja wanashusha sauti. Mwalimu aliitwa aende kutoa maelezo. Akaenda, hakurudi. Mke wake alisubiri siku mbili. Ya tatu, mchana, aliona watu wakikimbia, akamfunga mtoto mgongoni akaondoka kama alivyo, akafuata ufuko kwa miguu kuelekea kusini, akapita Kabonga, akavuka mpaka kuingia Tanzania. Sombe, mboga ya majani ya mihogo, aliiacha jikoni, juu ya moto.

Nyumba ikachukuliwa na Leta, yaani serikali, ikapewa mtu mmoja wa biro, ofisi yao. Yule mtu hakulala mle hata siku moja. Akaitoa kwa mavuno ya msimu mmoja wa chikichi. Fikiria! Vyumba vinne, baraza, mlango ule, kwa mapipa machache ya mawese. Na hata kwa bei hiyo, mtaani hakuna aliyeitaka. Walioichukua walikuwa wakulima kutoka Kizuka, wenye michikichi yao na watoto wao. Babu na bibi yangu.

Mimi nililelewa mle. Mama alinizaa kabla hajaolewa, baadaye akaolewa Nyanza-Lac na mtu ambaye hakunitaka, nikabaki kwa bibi. Babu nilikuta ameshakufa. Dunia yangu ilikuwa bibi, mjomba, na chikichi.

Msimu wa chikichi nyumba nzima ilibadilika rangi. Mikungu ilitupwa uani, tukaketi chini kuichambua tunda moja moja, miiba ikitutoboa vidole. Bibi alichemsha kwenye pipa tangu alfajiri, kisha tukatwanga, tukakamua, na povu la rangi ya chungwa likapanda likinuka utamu na moshi pamoja. Rangi ile ilikaa kwenye visigino, kwenye kucha, kwenye kola ya nguo ya shule. Mwalimu wetu alisema daftari zetu hazina haja ya kuandikwa majina. Nyuzinyuzi za chikichi za kuchemsha zilikuwa zinabaki katikati ya meno mpaka kesho yake, na mpaka leo kitu kikinikwama kwenye jino nauona ua ule.

Asubuhi nyingine tulikuta nyayo za kiboko katikati ya viazi, kila moja kubwa kama sahani, na bibi alisimama ukingoni mwa bustani akamtukana kiboko yule kwa jina la mama yake, kama vile ni jirani mwenye tabia mbaya ambaye bado yupo anasikiliza. Adhana ilitoka upande mmoja, kengele ya misheni upande mwingine, na katikati kelele za wanawake wakigombania ndagala ufukoni. Mchana tulikula ugali wa mihogo na sombe iliyotiwa mawese mapya, na ndagala zilizokaangwa mpaka zinavunjika mdomoni. Kila kitu kilitoka kwenye sufuria moja kubwa, yenye mkono uliofungwa kwa waya wa shaba.

Sufuria ile bibi aliikuta jikoni siku waliyohamia. Ilikuwa juu ya mafiga. Sombe ilikuwa imekauka ndani yake kama udongo. Aliisugua kwa mchanga siku mbili.

Nilikuwa na miaka saba mke wa mwalimu aliporudi.

Alikuja mchana, amevaa viatu vya plastiki, amebeba mfuko wa watu wanaotoka kambi za wakimbizi. Hakubisha hodi. Aliweka kiganja juu ya mlango, akakiacha hapo, kama unavyompima mtoto homa. Mimi nilikuwa barazani, nikamkimbilia bibi. Bibi akatoka na mikono imejaa mawese hadi viwiko.

"Amahoro," yule mama akasema.

"Amahoro. Unatafuta nani?"

"Sitafuti mtu."

Walitazamana mpaka nikaanza kuogopa. Kisha bibi akaifuta mikono kwenye kitenge chake, polepole, kidole kimoja kimoja. "Nilijua utakuja," akasema. "Ingia. Kula kwanza, tutagombana baadaye."

Alikula. Akamaliza. Macho yake yalikuwa kwenye waya wa shaba muda wote. Ule waya, tulikuja kujua, mume wake ndiye aliyeufunga. Alipomaliza akaichukua sufuria bila kumuuliza mtu, akaishusha ziwani, akaisugua, akarudi nayo, akaiweka kando ya mfuko wake kwenye chumba cha mbele. Mjomba alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, damu inachemka, akainuka kwenda kuinyang'anya. Bibi alimshika shati kwa nyuma. Usiku ule tulilala hivyo, yule mama na sufuria chumba cha mbele, sisi nyuma.

Asubuhi bibi hakuwa na kitu cha kupikia. Akaenda akasimama kwenye mlango wa chumba cha mbele, ndani ya nyumba aliyoishi miaka yote hiyo, akapiga hodi.

"Mama, naomba uniazime sufuria."

Sauti ikatoka ndani: "Utairudisha?"

"Jioni."

"Ikiwa safi?"

"Ikiwa safi."

Kwa miaka yote iliyofuata, bibi aliomba sufuria ile kila asubuhi na kuirudisha kila jioni. Hata walipokuja kupendana. Hata mke wa mwalimu alipokuwa mgonjwa, hawezi kuinuka kitandani, bibi alisimama mlangoni akaomba. Nikiwa mtoto niliona ni upuuzi wa wazee.

Watu wa biro walikuja wakasikiliza pande zote mbili, wakaigawa nyumba. Vyumba viwili vya mbele vya mke wa mwalimu, viwili vya nyuma vya bibi, na mstari ukapita katikati ya sebule. Wakaamuru ukuta ujengwe hapo, mpaka juu. Mjomba ndiye aliyefyatua matofali, peke yake, wiki tatu juani. Akaanza kujenga. Mke wa mwalimu alikuwa ameketi upande wake anachambua mchele, bibi upande wake anamenya mihogo, na ukuta unapanda kati yao. Ulipofika kwenye nyonga yangu, mke wa mwalimu akasema, bila kuinua macho, "Ukipanda tena, huyu nitamtukana vipi?"

Bibi akaweka kisu chini. "Basi. Inatosha."

"Mama, karatasi inasema mpaka juu!"

"Karatasi haipiki hapa. Nimesema inatosha."

Mjomba akatupa mwiko wa kujengea, akaondoka, hakurudi siku mbili. Matofali yaliyobaki yalikaa uani mpaka mvua ikayarudisha kuwa udongo. Mimi nina hasira naye, sitaificha, lakini picha hiyo ninayo: mikono yake imepasuka, na wanawake wawili wanaanza kucheka nyuma yake. Alikuwa amepoteza nusu ya urithi wake mwezi ule, na hata ukuta wa kuilinda nusu iliyobaki hawakumwachia aumalize.

Ukuta ule ukawa meza yetu. Sahani ziliwekwa juu yake, kila mtu anakula kutoka upande wake. Nguo zilianikwa juu yake siku za mvua. Mimi nilifanyia kazi za shule nikiwa nimeukalia kama mpanda punda, mguu mmoja kwa bibi, mguu mwingine kwa mke wa mwalimu. Wapita njia walichungulia wakacheka: "Angalieni wake wenza wasio na bwana!" Wenyewe wakalichukua jina hilo kwa furaha.

"Muke mwenzangu, amka, jua limekukuta kitandani! Bwana ataniuliza nini?"

"Mwambie bwana wako nimechoka naye. Leo zamu yako."

Na jirani kutoka barazani kwake na mandazi yake: "Huyo bwana mkimchoka nyote wawili, mimi nipo!"

Mke wa mwalimu alikuwa ameishi Tanzania muda mrefu, Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, na changu alikichukia. Nikisema "iko mutu kwa mlango," ananikata hapohapo: "Yupo mtu mlangoni. Mtu si kiatu." Haya unayosoma sasa, yaliyonyooka ni ya kwake. Yaliyopinda ni ya mtaani kwetu. Juu ya mume wake alisema kitu kimoja tu, tena mara nyingi, akiwa anafanya kazi nyingine: "Alichukua koti. Jua lilikuwa kali, lakini alichukua koti."

Nikiwa sekondari, nimejaa kiburi cha vitabu, nilimuuliza bibi kama alijua nyumba ilikuwa ya nani alipoinunua. Tulikuwa tunachambua chikichi. Hakuacha kuchambua.

"Nilijua. Mtaa wote ulijua. Wengine waliogopa, ndiyo maana ilikuwa rahisi. Mimi nilikuwa na watoto wanne na paa linalovuja Kizuka." Akatupa tunda kwenye beseni. "Mtu akikuuliza, usinitetee."

Sasa kikapu. Nikueleze, maana mjomba anakitaja kama kwamba nilinunua kikapu sokoni.

Kwetu mtoto wa kike hagawiwi ardhi pamoja na kaka zake. Lakini akishaolewa, akishazaa, anarudi kusalimia na kinywaji kichwani na mtoto mgongoni, na wazazi wakiwa na moyo hawamrudishi mikono mitupu. Wanamjazia kikapu mbele ya watu, na pamoja na kikapu wanamtajia kipande cha shamba alime. Kipande hicho ndicho kinaitwa igiseke, yaani kikapu. Hakiandikwi. Nani ataandika kikapu? Waliokunywa siku ile ndio karatasi.

Nilipozaa mtoto wangu wa kwanza nilikwenda hivyo Rumonge. Nilikuwa nimelelewa na bibi, kwa hiyo yeye ndiye alikuwa mzazi. Jirani alikuwepo, mjomba alikuwepo, akanywa, akala samaki wa mukeke mzima peke yake. Bibi akajaza kikapu unga na chikichi, akasema mbele ya wote, "Shamba la Kizuka ni la wanaume. Huyu nampa vyumba vyangu viwili." Hakuna aliyewahi kusikia nyumba inawekwa ndani ya kikapu. Mjomba akaacha kutafuna.

Bibi akamgeukia mke wa mwalimu, ng'ambo ya ukuta. Alimwangalia tu, kikapu kikiwa mikononi. Na mke wa mwalimu akainuka, kwa shida, magoti yalikuwa yameshamkataa, akanyoosha mikono juu ya ukuta akakishika kikapu kwa chini. Mikono minne. Wakanikabidhi hivyo, wote wawili pamoja.

"Ufagie," mke wa mwalimu akaniambia. Ni neno lake la mwisho nililolipata akiwa amesimama.

Yeye ndiye aliyetangulia. Mtoto wake wa kiume, yule aliyebebwa mgongoni siku ya kukimbia, alikuja kutoka Kigoma kumzika, mtu mzima mwenye mvi, akalia akiwa ameegemea ukuta nusu, akarudi kwake. Kabla hajaondoka alitaka kumwachia bibi sufuria ya mama yake. Bibi alikataa kuipokea, akaitundika chumba cha mbele. Baada ya hapo alipika kwenye kopo la maziwa. Nilipomuuliza kwa nini anajitesa, alinijibu kwa sauti ya mtu aliyeulizwa jambo la kijinga: "Nitamwomba nani?" Mwaka haukuisha, naye tukamzika.

Kuanzia hapo nyumba ikapata thamani ya namna nyingine. Watu wa Bujumbura walianza kuutaka ufuko wetu. Mmoja anataka kuweka vyumba vya wageni vinavyotazama maji. Bei aliyotaja sitaiandika, maana utaikumbuka bei na kuisahau nyumba. Ila hataki nyumba, anataka mahali ilipo. Mjomba akampigia simu yule wa Kigoma, akamwambia mvua zimeiangusha, kimebaki kiwanja tu, akubali kutia sahihi wagawane. Jirani alimsikia kwa masikio yake, alikuwa anamuuzia mandazi. Wa Kigoma yuko mbali, ni mzee, angejuaje? Akasaini.

Rangi niliimwaga Alhamisi. Nikarudi Kabezi kutafuta mtu wa kunisaidia kuandika. Jumatatu, saa watoto wanaenda shule, simu ikalia. Ilikuwa jirani. Aliinyanyua simu hewani ili nisikie. Nyumba ya udongo haipigi kelele ikianguka, rafiki yangu. Inatoa sauti ya gunia linaloshushwa. Moja. Halafu jingine. Nilisimama katikati ya shamba la mihogo, mtoto anavuta titi, nikahesabu mpaka nikachoka.

Nilipofika mchana palikuwa na sakafu na mafiga. Mlango hawakuuandika kwenye karatasi yoyote, lakini ndio walioubeba kwanza. Sufuria sikuiona. Alama ya ukuta nusu ilikuwa bado sakafuni, mstari mweupe, na wanaume wa kazi walikuwa wanaupita na mikokoteni bila kujua wanatoka kwa nani wanaingia kwa nani. Nikatafuta mahali nilipokuwa nikikaa kama mpanda punda. Mtu anapotea, unabaki na kaburi. Nyumba ikipotea hupewi hata mahali pa kupiga magoti, kwa sababu kesho yake pamemwagwa saruji. Watoto wangu watapita pale waone wageni wanakunywa soda wakitazama ziwa, na nitawaambia nini? Hapa kulikuwa na wanawake wawili? Watauliza, wako wapi? Sombe ile hakuna tena anayeipika hivyo. Matusi yale ya asubuhi hakuna anayeyajua ila mimi na mama mmoja wa mandazi, na yeye hana miaka mingi.

Nililia pale mpaka nikaona haya. Kisha nikaenda kuandika.

Niliandika wenye nyumba wote, mmoja baada ya mwingine, kutoka kwenye ile kadi ya chanjo. Nikaipeleka barua hiyo kwanza kwa mushingantahe wa mtaa, mmoja wa wazee wanaosikiliza ugomvi wa majirani kabla haujafika mahakamani. Alivaa miwani, akasoma polepole, kidole juu ya mstari.

"Mwanangu, hii namba tatu inakuua weye mwenyewe," akasema. "Ukisema bibi yako alijua, basi hakuwa na kitu cha kukupa. Mjomba wako atashika hapo hapo. Futa, nyingine ni nzuri."

"Sifuti."

"Ni hasira hiyo."

"Ndiyo, ni hasira. Lakini sifuti."

Akanirudishia karatasi. Akasema murakoze kwa sauti ndogo, sijui ananishukuru kwa nini. Nikaenda kwenye biro, nikapanga foleni na mtoto, sekreteri akaigonga muhuri bila kuisoma. Niliiandika kwa Kirundi kama wanavyotaka. Hapa naiweka kwa Kiswahili.

*Kwa wakuu wanaohusika na ardhi.*

*Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Kabezi, niliyelelewa Rumonge. Nalalamika juu ya kuuzwa na kubomolewa kwa nyumba ya udongo yenye vyumba vinne iliyokuwa karibu na ufuko.*

*1. Karatasi ya mauzo inasema hapakuwa na nyumba. Ilikuwepo. Ilijengwa na mfanyabiashara wa ndagala, na wajukuu wake wako mtaani.*

*2. Mfanyabiashara huyo alimwachia mwalimu, kwa baiskeli, cherehani na kuwafundisha watoto kusoma. Mwalimu alilipa vyote. Alichukuliwa, na mke wake akakimbia na mtoto.*

*3. Bibi yangu aliinunua kutoka kwa mtu ambaye haikuwa yake. Alijua hivyo siku aliponunua. Aliniambia mwenyewe.*

*4. Mke wa mwalimu alirudi. Nyumba ikagawanywa kwa amri ya biro. Wanawake hao wawili waliishi pamoja mpaka kufa, na hakuna aliyemshtaki mwenzake tena.*

*5. Bibi alinipa sehemu yake kwa igiseke, mbele ya mashahidi. Mke wa mwalimu alikishika kikapu pamoja naye. Mjomba wangu alikuwepo.*

*6. Mjomba alimwambia mtoto wa mwalimu, aliyeko Kigoma, kwamba nyumba imeangushwa na mvua. Ni uongo. Jirani aliyesikia yuko tayari kuja kusema.*

*Naomba ujenzi usimame. Naomba mlango na sufuria vitafutwe, ni mali ya mtoto wa mwalimu. Naomba yeye mwenyewe aitwe kutoka Kigoma, asomewe barua hii yote, na namba ya tatu isirukwe, kwa sababu bila hiyo hataelewa mama yake alifanya nini na kikapu kile.*

*Akishasikia, akisema kwamba hata sehemu yangu ni yake, nitakubali na nitarudi Kabezi bila neno. Kwa mjomba wangu sitakubali.*